Muulize Nesi: Dawa mbili, na bado mwanangu anaanguka

Mwezi huu barua tatu zimekuja kwa jambo moja: kifafa cha watoto kisichotulia. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa, kwa sababu nilipoisoma niliwaona watoto wengi niliowapokea katika miaka 31 ya wodi ya watoto hapa Mombasa.

SWALI: Shikamoo Nesi. Mwanangu wa kiume ana miaka 8. Alianza kuanguka akiwa na miaka miwili na nusu. Tulipewa fenobabitoni, tembe mbili za miligramu 30 kila usiku, na hadi leo anakunywa hizo hizo mbili. Mwaka jana aliongezwa Tegretol kwa kuwa alikuwa akianguka kila wiki mbili. Kuanguka kumepungua kidogo, lakini sasa kila asubuhi anashtukashtuka, mikono inaruka yenyewe. Kikombe cha chai kimemponyoka mara tatu, mara moja kikamuunguza paja. Mwalimu naye asema huduwaa darasani, macho wazi, akiitwa hasikii. Daktari wa kliniki ataka kuongeza dawa ya tatu. Baba yake amechoka. Asema dawa zimekataa mwili wa mtoto, tuziache zote tujaribu mafuta ya bangi anayouza jamaa mmoja kwa simu. Sisi twaishi Mtongwe, na ziko siku feri hunichelewesha hata kliniki inafungwa na tembe zimekwisha. Nifanye nini?
*Mama wa watatu, Mtongwe*

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole, na paja la mtoto limeponaje?

Nianze na lililo hatari. Msimwachishe dawa ghafla, hata kwa siku moja ya kujaribu. Fenobabitoni humtuliza mtu kwa miaka, na ubongo huizoea. Ukiikata kwa mara moja, ubongo huo huamka kwa fujo: kifafa huja, kabla hakijaisha huja kingine juu yake, na hali hiyo huua. Niliwahi kumpokea mtoto wa namna hiyo saa nane za usiku. Dawa zilikuwa zimetupwa siku tatu nyuma na watu waliompenda kabisa. Msomee baba yake maneno haya.

Sasa tuje kwenye tembe mbili. Umenitajia umri, umenitajia dawa, hata kikombe umenitajia. Uzito hukunitajia, na naogopa hata huko kliniki hakuna aliyeuuliza tangu zamani. Mtoto wa miaka miwili na nusu huwa na kilo 12 hivi. Tembe mbili za 30 ni miligramu 60, na 60 ukizigawa kwa kilo 12 ni miligramu 5 kwa kila kilo. Hiyo ni dozi ya nguvu kwa mtoto. Leo mwanao ana miaka 8, tuseme ana kilo 24. Miligramu 60 zile zile kwa kilo 24 ni mbili na nusu. Hakuna aliyempunguzia dawa, lakini imepungua nusu. Fenobabitoni kwa watoto huanzia miligramu 2 hadi 3 kwa kilo kwa siku, na daktari akiona haja huweza kuipandisha polepole hadi 6. Kwa hiyo mwanao, kama hesabu yangu ya uzito si mbali, ameshuka ngazi hadi mlango wa chini, na huku nyumbani mnasema dawa imeshindwa. Dawa isiyofika mwilini kwa kiasi chake haijajaribiwa bado.

Usimwongeze mwenyewe, mwanangu. Mpime uzito, andika kilo zake juu ya daftari la kliniki kwa maandishi makubwa, na umwambie daktari: naomba tuhesabu upya kwa kilo. Huenda akaipandisha, huenda akaamua kuiondoa kidogokidogo na kuweka nyingine, kwa sababu fenobabitoni huwafanya watoto wengine wawe wazito wa masomo na wengine wakorofi wasiotulia. Hayo ni yake kuamua, lakini aamue akiwa na uzito mbele yake.

Jambo lililonifanya nikae chini na barua yako ni kikombe. Watu wengi wakisikia kifafa hufikiria mtu aliyelala chini anatetemeka na povu mdomoni. Hiyo ni aina moja. Kuna mishtuko mifupi ya mikono kama mtu aliyepigwa na umeme, ambayo hupenda kuja asubuhi mtoto akiamka. Kuna kuduwaa kwa sekunde chache, mtoto yupo lakini hayupo. Aina hizi hazitibiwi sawasawa. Tegretol, ambayo ndiyo kabamazepini, ni dawa nzuri sana kwa kifafa kinachoanzia sehemu moja ya ubongo: mtoto ambaye mkono mmoja huanza, au mdomo huvutika upande. Lakini kwa mishtuko ya mikono na kwa kuduwaa, dawa hiyo hiyo yaweza kuzidisha. Wanaoishi na watoto hawa hujionea wenyewe kwamba aina moja imepungua na nyingine imezaliwa.

Siwezi kumpima mwanao kwa karatasi. Naweza kukupa swali la kwenda nalo: je, mishtuko hii ilianza kabla ya Tegretol au baada yake? Kaa na mwalimu na bibi yake, kumbukeni tarehe. Kama ilianza baada, basi huenda mwanao hahitaji dawa ya tatu juu ya mbili. Huenda anahitaji moja itolewe na nyingine iingie mahali pake, kama vile valproeti, levetirasetamu au klobazamu, kulingana na aina ya kifafa chake. Na kuna la ziada ambalo husahauliwa: fenobabitoni hulifanya ini limalize kabamazepini haraka. Hivyo zikiwa pamoja, moja hula nguvu ya mwenzake.

Simu ya baba yake ina kamera. Kesho asubuhi mtoto akiamka, kabla ya kumpa kikombe, mrekodini. Mkiona ameduwaa, rekodini pia, mwite jina lake katika video ili daktari aone kama anasikia. Zamani wodini tulikuwa twauliza, alishikwaje? na mama husema, alishikwa tu. Miaka yangu ya mwisho mama mmoja kutoka Changamwe alimwonyesha daktari video ya sekunde 20, na daktari akabadilisha dawa iliyokuwa ikitolewa kwa miaka minne. Mtoto yule hakuacha kuanguka kabisa, lakini alirudi shule.

Kuhusu feri na tembe kuisha. Hapa sina lawama nawe, najua kusimama Likoni na mtoto mgongoni jua la saa sita. Lakini kuruka siku mbili au tatu ndiko kunakowaangusha wengi walioitwa wenye kifafa sugu, yaani kisichosikia dawa. Omba uandikiwe dawa za miezi miwili badala ya mmoja. Tenga tembe za wiki moja katika chupa yake, uifiche, na usiiguse ila feri ikikwama. Ukinunua duka la dawa, nunua ya kampuni ile ile kila mara ukiweza, na rangi ikibadilika uliza kabla ya kulipa. Tena tazama paketi ya Tegretol: ikiwa na herufi CR, dawa hiyo imetengenezwa iyeyuke polepole mwilini. Usiitwange. Nimewaona mama wakiiponda kwa mchi na kuichanganya na uji kwa mapenzi tu, dawa yote inaingia kwa mkupuo, mtoto anapepesuka kama mlevi saa nne, na jioni mwili hauna kitu.

Baada ya yote hayo kufanywa vizuri, uzito, aina, na kumeza bila kuruka, bado watoto wengine huendelea kuanguka. Hao ndio wenye kifafa sugu kwa kweli. Shirika la kimataifa la kupambana na kifafa, ILAE, liliweka mpaka mwaka 2010: dawa mbili zilizochaguliwa sawasawa, zikavumiliwa na mwili, zikatumiwa ipasavyo, na mgonjwa bado hajatulia. Hizo mbili zaweza kutolewa moja baada ya nyingine au kwa pamoja. Kwa nini mbili na si tano? Mwaka 2000 madaktari wa Glasgow walichapisha habari za wagonjwa 470 ambao hawakuwahi kutibiwa, wa umri wa miaka 9 na kuendelea. Asilimia 47 walitulia kwa dawa ya kwanza. Ya pili iliongeza 13. Dawa ya tatu na michanganyiko yote kwa pamoja haikuongeza zaidi ya 4. Ndiyo maana sipendi kuona mtoto akirundikiwa ya tatu, ya nne, ya tano katika kliniki ya kawaida, huku akisinzia mpaka hawezi kushika kalamu. Ikifika hapo aandikiwe rufaa. Uliza Hospitali Kuu ya Pwani, pale Makadara, habari ya daktari wa watoto wa mambo ya ubongo. Uliza kipimo cha umeme wa ubongo, na picha ya ndani ya kichwa iitwayo emarai (MRI) kama daktari ataona inafaa. Ziko sababu zinazoonekana kwenye picha, na watoto wachache ambao kifafa chao hutoka sehemu moja ndogo wanaweza kupasuliwa na kutulia.

Zipo na dawa nyingine ambazo huko utazisikia. Moja ni topirameti. Nakutajia hiyo kwa sababu ya hewa yetu: hupunguza jasho kwa watoto, na mtoto asiyetoka jasho Mombasa wakati wa kaskazi hupanda joto hatari. Akiwekewa, maji mengi, kivuli, na asicheze mpira adhuhuri. Watasema pia juu ya chakula cha mafuta mengi na wanga mdogo sana. Matibabu hayo ni ya tangu 1921, na jaribio la London lililochapishwa 2008 lilionyesha kuwa asilimia 38 ya watoto waliokula hivyo walipunguza kuanguka kwa zaidi ya nusu, dhidi ya 6 ya wasiokula. Lakini maana yake ni kuaga wali, mahamri, mihogo na sukari ya chai, chakula kupimwa kwa mizani, na damu kuchunguzwa. Usianze nyumbani.

Mafuta ya bangi. Naelewa baba alikolisikia, maana msingi wake ni wa kweli. Katika mmea huo kuna kitu kiitwacho kanabidioli, ambacho hakilevyi. Kikisafishwa kiwandani ni dawa, na Marekani iliiruhusu mwaka 2018 kwa aina mbili za kifafa kigumu cha watoto, ugonjwa wa Dravet na wa Lennox-Gastaut. Katika jaribio la wagonjwa 120 wa Dravet lililochapishwa 2017, waliopewa dawa hiyo walishuka kutoka degedege 12 hivi kwa mwezi hadi 6 hivi, na wengi waliendelea na dawa zao za zamani humo humo. Dawa hiyo ilikuwa nyongeza, haikuchukua mahali pa tembe. Chupa ya huyo jamaa haina kipimo, hakuna ajuaye kilichomo, yaweza kuwa na kile kilevi chenyewe, na sheria yetu yaiharamisha. Halafu kanabidioli halisi huongeza usingizi wa klobazamu na huweza kuliumiza ini la anayekunywa valproeti, kwa hiyo damu huangaliwa. Pesa za chupa hiyo zilipie nauli ya kwenda kupima.

Mwambie baba yake kitu kimoja zaidi, nasema kwa kuwa nimekulia ndani yake. Mdogo wangu alishikwa na kifafa kabla hajaingia shule. Nyumbani walisema ni nyuni, ndege wa angani amempitia. Tulizunguka kwa waganga, akafukizwa, akafungwa hirizi, na siku moja akaangukia seredani iliyokuwa na makaa. Kovu lake latoka kiwikoni hadi kidole cha mwisho. Wazazi wangu hawakuwa wajinga, walikuwa wamechoka kama alivyochoka yeye. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, kule Kilifi wamekifuatilia kifafa cha Pwani miaka mingi, na miongoni mwa mambo waliyoyakuta nyuma yake ni shida wakati wa kuzaliwa na malaria kali iliyopanda kichwani. Mwili wa mwanawe haujakataa kitu. Na chai, mpe katika kikombe cha plastiki chenye kifuniko, ikiwa vuguvugu, mpaka mishtuko itulie.

SWALI: Binti yangu ana miaka 13. Alisumbuka sana na dawa nyingine, lakini tangu aanze valproeti huu ni mwaka wa pili haanguki. Juzi nesi mmoja aliniambia niitupe dawa hiyo kwa kuwa yaharibu uzazi wa wasichana. Nimeingia hofu. Niiache?
*Baba, Kisauni*

JIBU: Usiiache leo, kaka yangu, lakini hofu yako ina msingi na naomba usiifiche. Valproeti yaweza kuvuruga hedhi ya wasichana wengine, lakini hilo silo kubwa. Hatari kubwa ni kwa mimba atakayoibeba huku akiinywa. Katika mimba 10 za namna hiyo, moja hivi huzaa mtoto mwenye kasoro ya maumbile, na watoto watatu hadi wanne katika kumi hupata shida za ukuaji wa akili, kuchelewa kusema na kutembea. Kwa ajili hiyo, tangu 2018 Uingereza hairuhusu msichana au mwanamke anayeweza kupata mimba kupewa valproeti bila mpango maalumu wa kuzuia mimba, na bila daktari kuona kwamba nyingine hazifai.

Binti wa miaka 13 yuko mlangoni mwa jambo hilo. Wakati wa kuzungumza ni sasa, mapema, kabla hajaolewa na kabla hamjakimbizana na miezi. Mwulize daktari kama aina ya kifafa chake inaweza kushikwa na levetirasetamu au lamotrijini. Hubadilishwa polepole, mpya ikipanda ndipo ya zamani ishuke. Lamotrijini juu ya valproeti hupandishwa kwa mwendo wa kobe, kwa wiki nyingi, kwa sababu valproeti huizuia isitoke mwilini; ikiharakishwa huleta upele mbaya wa ngozi na midomo. Ukiona upele wowote, hospitali siku hiyo hiyo. Levetirasetamu yenyewe huwapa watoto wengine hasira na huzuni, kwa hiyo mama yake amwangalie tabia.

Huenda daktari akasema kwa kifafa chake hakuna iliyoshika kama valproeti. Hapo atabaki nayo kwa dozi ndogo iwezayo kumtosha, na yeye mwenyewe ajue. Najua baba haoni pa kuanzia maneno haya na bintiye. Mwite shangazi yake, au somo wake, mwanamke wa kumfunda, akishampata, aingie naye kliniki. Aambiwe waziwazi kwamba dawa hii na mimba havikai pamoja, na kwamba siku akitaka kuzaa ataanza kwa daktari, bila kuitupa tembe mwenyewe. Nimewaona wasichana walioambiwa nusu ya habari hii. Walizitupa tembe kwa siri na wakaangukia barabarani.

SWALI: Mjukuu wangu wa miaka 6 yuko kwenye dawa lakini bado hushikwa mara moja moja akiwa chuoni anakosoma Kurani. Mwalimu humtia kijiko mdomoni na wenzake humnusisha kiatu. Mara ya mwisho alikaa muda mrefu hajazinduka. Nami humpa kombe, maji ya aya zilizoandikwa. Nakosea?
*Bibi, Mji wa Kale*

JIBU: Shikamoo dada mkubwa. Kombe na dua mpe, moyo wako na wake vitulie, mradi tembe isirukwe na kombe lisije mahali pake.

Kijiko kiondoke leo. Ulimi haumezwi. Kijiko huvunja meno, na kipande cha jino kikiingia njia ya pumzi ndicho kinachoua. Kiatu hakimdhuru, ila kinapoteza muda. Mwalimu amlaze ubavu, mkeka uliokunjwa chini ya kichwa, kanzu ilegezwe shingoni, watoto wasogee, wala asimshike kwa nguvu kuzuia kutetemeka. Halafu atazame saa. Ndilo la muhimu kuliko yote, kwa sababu kila aliye pale huona dakika moja kama saa nzima. Kikikoma ndani ya dakika mbili au tatu, abaki ubavu mpaka azinduke vizuri, asipewe maji wala chochote mdomoni. Kikifika dakika tano, au kikirudi kabla hajazinduka, hilo si la kungoja: ni dawa ya dharura na hospitali, kwa tuktuk yoyote iliyo karibu.

Dawa hiyo mwombe daktari akuandikie. Kwa watoto hutumiwa diazepamu ya maji, hutiwa kwa njia ya haja kubwa, na dozi huhesabiwa kwa kilo zake. Akishaiandika, akuonyeshe kwa mikono yake jinsi ya kuitia, nawe umpeleke mwalimu akaonyeshwe. Ikae chuoni ndani ya bahasha yenye jina la mtoto, kilo zake na tarehe ya kuharibika, mbali na dirisha la jua. Kwa kuwa huweza kupunguza pumzi, baada ya kuitia mtu asimwache, amtazame kifua mpaka afike hospitali. Mwalimu akiona haya kwa njia hiyo, mwulize daktari kama inapatikana midazolamu, ambayo hutiwa mdomoni, kati ya fizi na shavu. Na pwani ya Forodhani asiingie majini bila mtu mzima aliye ndani ya maji pamoja naye.